Panga lipo, kisu kiwe chembamba: namna ya kupima kisu cha dropu pointi

Ukisimama mbele ya meza ya visu pale soko la Mwanjelwa, Mbeya, muuzaji hakosi kukuambia mambo mawili: kwamba chuma hiki hakishiki kutu, na kwamba mzigo huu ni orijino. Huenda yote mawili ni kweli. Ila hakuna hata moja linalokuambia kama kisu hicho kitakata. Kisu hukata kwa umbo la bapa lake, yaani chuma chote kilicho nje ya mpini, na kwa namna kilivyopitishwa motoni. Jina la chuma hufuata nyuma, na jina la kampuni nyuma zaidi. Ukiugeuza mpangilio huo utalipa pesa nyingi kwa kitu kinachomenya kiazi vibaya kuliko kisu cha jikoni cha mama.

Umbo linalosifiwa zaidi siku hizi kwa kisu cha kutembea nacho, kiwe cha mfukoni au cha kiunoni, ni dropu pointi. Wengi wanalitaja, wachache wamelitazama, kwa hiyo tuanzie hapo.

Ncha iliyoshushwa

Shika kisu makali yakitazama chini. Upande wa juu usio na makali ndio mgongo. Kwenye dropu pointi mgongo hutoka mpinini ukiwa karibu umenyooka, kisha hushuka taratibu kwa mviringo mpaka kwenye ncha, hivyo ncha haikai juu sambamba na mgongo bali husogea kuelekea katikati ya upana wa bapa. Makali nayo hupanda kuifuata, yakifanya tumbo pana. Binamu yake ni klipu pointi, ambayo mgongo wake umemegwa kwa ndani karibu na mwisho. Ncha ya klipu pointi ni nyembamba, hupenya upesi, na huvunjika upesi vilevile.

Faida ya kwanza ya kushusha ncha ni kwamba chuma hubaki kingi karibu nayo. Ukitoboa galoni la plastiki au ukichokonoa fundo la kamba iliyolowa, ncha haikatiki kirahisi. Faida ya pili ndiyo iliyolitangaza umbo hili. Fundi visu wa Marekani, Bob Loveless, aliyefariki 2010, ndiye aliyelipa umaarufu kwenye visu vya wawindaji, na sababu yake ataielewa yeyote aliyewahi kuchuna mbuzi. Unapopasua ngozi ya tumbo kwa ndani, unageuza kisu makali yatazame juu. Kama ncha iko sambamba na mgongo, inaelekea matumboni moja kwa moja. Utumbo ukitoboka, shughuli imeharibika. Kwenye dropu pointi iliyogeuzwa hivyo ncha imeinuka kidogo, na kinachoteleza juu ya utumbo ni mgongo wa mviringo ambao hauna cha kutoboa.

Tumbo la makali linasaidia kuchuna na kukata vipande vya nyama. Sehemu iliyonyooka karibu na mpini ndiyo ya kuchongea kijiti au kukata kamba kwa nguvu. Kisu chenye tumbo tupu tangu mpinini kitakuchosha kwenye kuchonga.

Kuna kazi ambazo umbo hili halizifai, na wakulima wa parachichi wa Rungwe na Njombe wanazijua. Kubebesha miche kunataka bapa jembamba lililonolewa upande mmoja tu, ili mkato uwe sawa na kikonyo, kile kitawi kinachobebeshwa, kilale vizuri juu ya shina bila uwazi. Kisu cha mfukoni kilichonolewa pande zote mbili huelekea kuzama au kupanda katikati ya mkato. Hapo nunua kisu cha kubebeshea, usibishane na maumbile.

Basi umbo limeishia hapo. Limemaliza suala la ncha, na mara nyingi kinachokukera kwenye kisu si ncha. Unaweza kuweka mezani dropu pointi mbili zenye sura moja, moja ikapita kwenye nyanya na nyingine ikaiponda. Kinachozitenganisha ni unene.

Unene

Kisu kina unene wa aina mbili. Upo ule wa mgongo, ambao kila mtu anauona. Upo na ule wa nyuma kidogo ya makali, pale ambapo bapa linakaribia kuisha kabla ya ule mteremko mdogo wa mwisho ulionolewa. Huu wa pili ndio unaoamua. Kisu kinachokata vizuri huwa na kama nusu milimita hapo, au pungufu. Kikifika milimita moja, hata ukikinoa mpaka kinyoe nywele za mkono, kikiingia kwenye karoti kitaipasua kama kabari. Utasikia kabisa mlio wa kupasuka. Ni kabari, si kisu.

Namna bapa lilivyochongwa kutoka mgongoni ndiyo inayoleta unene huo. Bapa lililoteremka sawasawa kuanzia mgongoni mpaka kwenye makali hupita kwenye chakula bila kukwama. Lililoteremka kuanzia katikati tu hubaki na mabega yanayosukuma pembeni kila unachokata. Lililochimbwa kwa ndani ni jembamba sana kwenye makali, tamu kwa kuchuna, ila hukwama kwenye vitu vizito kama boga. Na kuna mtindo wa nchi za Skandinavia, mteremko mmoja mpana unaoishia moja kwa moja kwenye makali, bora kwa kuchonga mti, na rahisi kunoa kwa sababu mteremko wenyewe unaulaza juu ya jiwe bila kukisia.

Kwa nini basi soko limejaa visu vya milimita nne na tano? Tazama video zinazoviuza. Utamwona mtu kasimamisha kisu juu ya gogo, anakigonga mgongoni kwa kipande cha mti mpaka gogo lipasuke. Kwake ina mantiki: yuko msituni Ulaya au Marekani na begi mgongoni, na amejiwekea sharti kwamba kisu kimoja kimfanyie kila kitu. Ugumu wa bapa kupinda huongezeka kwa kipeo cha tatu cha unene, maana yake bapa la milimita nne ni gumu mara nane kuliko la milimita mbili. Anayetaka kukitumia kisu kama shoka anaihitaji hesabu hiyo.

Sasa niambie, Makete au Mufindi nani anaenda kukata kuni bila panga? Nyumba ya kawaida huku ina panga, ina shoka, nyingi zina nyengo. Kazi nzito zimeshapata wenyewe. Kinachobaki kwa kisu ni kukata uzi wa mfuko wa mbolea, kumenya viazi mviringo, kupasua parachichi, kukata mpira wa maji, kuchuna mbuzi, kuchonga kigingi. Hakuna hata moja kati ya hizo inayohitaji milimita tano. Milimita mbili mpaka tatu mgongoni zinatosha kabisa, na mkono hautachoka. Ushauri mwingi wa kununua kisu unaozunguka mtandaoni umetoka kwa watu wasio na panga, na kwetu unapaswa kusomwa hivyo.

Mwenye shaka akamwangalie mgema wa ulanzi. Wakati wa mvua, kule Iringa na Njombe, chipukizi la mwanzi hukatwa kichwa, kisha asubuhi na jioni mgema hupunguza tena kipande chembamba ili utomvu uendelee kutiririka. Mkato ukiwa wa kuponda, mirija ya mwanzi inaziba na chombo kinabaki kikavu. Hakuna mgema anayetaka kisu kinene, na hakuna aliyehitaji video kumweleza sababu.

Hata Isimila, kilomita kama 20 kutoka mjini Iringa, mambo yalikuwa hivyo. Watu huenda kutazama nguzo za udongo na yale mashoka makubwa ya mawe ya enzi za kale, lakini wachimbaji walikuta pia tabaka zenye zana ndogo ndogo za mawe. Kubwa zilikuwa na kazi yake, na ndogo yake.

Chuma, sumaku na hadithi za mezani

Hadithi ya kwanza ya kuitupa ni ya sumaku. Wapo wanaotembea na kisumaku, kikishika kisu wanasema si stenlesi. Vijiko na sufuria nyingi zisizoshika kutu huwa na kromi asilimia 18 na nikeli asilimia 8 hivi, na ni kweli sumaku haizishiki au inazishika kwa mbali. Lakini chuma hicho hakiwezi kukomazwa kwa moto, kwa hiyo hakifai makali. Stenlesi ya visu ni ya jamii nyingine, inakomazwa, na sumaku inaishika vizuri. Kisu ambacho sumaku haikishiki kabisa ndicho cha kutiliwa shaka.

Ili chuma kistahimili kutu kinahitaji kromi kuanzia kama asilimia 10.5, na visu vingi vya stenlesi vina 13 au zaidi. Tatizo ni kwamba kaboni, ambayo ndiyo inayoleta ugumu, hupenda kuiteka kromi na kufanya nayo chembe ngumu ndani ya chuma. Kromi iliyotekwa hailindi tena dhidi ya kutu. Ndiyo maana chuma cha D2, chenye kromi karibu asilimia 12 na kaboni karibu asilimia moja na nusu, kinashika makali muda mrefu lakini kitakutolea madoa ukikiacha kimelowa. Tukuyu, ambako mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, hilo si jambo dogo. Vyuma vya kaboni tupu kama 1095 vinashika kutu waziwazi zaidi. Utomvu wa ndizi na maji ya limao huvipaka weusi siku hiyohiyo. Weusi huo si ugonjwa. Kutu nyekundu ndiyo ya kuiogopa, na dawa yake ni kukausha kisu na kukipaka mafuta kidogo ya kula.

Ugumu hupimwa kwa kipimo cha Rockwell. Visu laini vya jikoni viko kwenye 54 mpaka 56, vya kutembea navyo vingi 57 mpaka 60, vya bei kubwa hupanda hadi 62 na zaidi. Namba kubwa ina maana makali yanadumu, lakini pia yanamomonyoka badala ya kupinda yakikuta mfupa. Na hapa ndipo majina ya chuma yanapodanganya. Chuma cha Kichina cha 8Cr13MoV, ambacho hakimsisimui mtu, kikipikwa vizuri, yaani kikikomazwa kwa moto inavyotakiwa, kinafika 58 au 59 na kinafanya kazi ya siku nzima. Chuma ghali kilichopikwa vibaya ni bati lenye jina zuri. 14C28N cha Sweden ndicho ningemchagulia mtu wa huku anayetaka stenlesi asiyotaka kuifikiria: hakishiki kutu kirahisi, kinanoleka haraka, na makali yake hupita kwa ulaini mkononi mwa anayekata.

Kile kinachonolewa kwa shida ni vyuma vyenye vanadi nyingi, kama S30V cha Marekani kilichoingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 2000, chenye vanadi asilimia 4. Vanadi ikikutana na kaboni hufanya chembe ngumu kuliko mchanga wa jiwe la kawaida la kunolea. Jiwe linakula chuma kilichozizunguka, zenyewe zinalicheka. Unahitaji bamba la almasi. (Chuma cha Liganga, kule Ludewa, kina vanadi ndani yake, kwa hiyo huenda siku moja tatizo hili tukalichimba wenyewe.) Kama kinoo chako ni kipande cha jiwe la mtoni au jiwe la dukani la pande mbili, chuma cha kawaida kitakutumikia vizuri kuliko cha kifahari, kwa sababu utakinoa. Kisu kizuri kisichonoleka kitakuwa butu miezi tisa ya mwaka.

Namna ya kujua kama chuma kimepikwa, bila maabara? Ukiruhusiwa, chukua tupa mpya na uipitishe kwa wepesi mgongoni karibu na mpini. Ikiteleza, chuma ni kigumu. Ikiuma na kutoa unga kama inavyofanya kwenye msumari, achana nacho. Kipimo kingine ni cha nyumbani: laza makali kwa mteremko juu ya kipande cha shaba nyeupe ya mviringo, bonyeza kidogo, utaona makali yakipinda. Yakirudi, moto ulikuwa sawa. Yakibaki yamepinda, chuma ni laini. Yakimeguka, kilikomazwa kupita kiasi.

Vya wahunzi wetu

Kuna wanaovidharau visu vya springi za malori. Mimi sividharau. Springi nyingi za magari ni za chuma cha 5160 au ndugu yake wa Kijapani SUP9, vyenye kaboni karibu asilimia 0.6, na hicho ni chuma kigumu kuvunja chenye heshima duniani kote. Barabara ya Tanzania hadi Zambia imetuachia springi za kutosha vizazi vitatu. Kinachotofautisha mhunzi na mhunzi ni hatua ya mwisho. Chuma hupashwa mpaka sumaku isikishike tena, jambo linalotokea karibu na nyuzi 770, kisha kinaongezewa moto kidogo na kuchovywa kwenye mafuta ya vuguvugu. Akichovya kwenye maji baridi, springi inaweza kupasuka nyufa usizoziona. Baada ya kuchovya, chuma ni kigumu kama kioo na kinavunjika kama kioo, kwa hiyo lazima kipashwe tena kwa utaratibu, nyuzi 200 hivi kwa saa moja, ndipo kipate uvumilivu. Muulize fundi anafanyaje hatua hii ya pili. Asipokuelewa swali, nunua kwake panga, si kisu.

Jambo jingine: springi iliyotembea miaka mingi inaweza kuwa na nyufa za uchovu ndani yake, na wahunzi wengi hawapunguzi unene kwa sababu kusugua chuma kunakula muda. Matokeo yake ni visu vya milimita sita. Mwombe akipunguze, mlipe muda wake.

Kinachokunjwa na kisichokunjwa

Kisu cha kukunja chenye bapa la sentimita saba mpaka tisa kinakaa mfukoni na hakimtishi mtu kwenye daladala. Jambo la kuangalia ni kufuli. Vipo visivyo na kufuli, vinavyoshikwa na springi tu, kama vingi vya Victorinox. Hivyo ni vya kukata kwa utulivu, si vya kuchoma. Opinel ya Ufaransa ina pete inayozungushwa, mfumo wa 1955 ambao hadi leo ni rahisi na unaaminika. Halafu kuna bamba la ndani linaloruka kuzuia bapa, kazi ya Michael Walker, na lile ambalo mpini wenyewe ndio kufuli, lililobuniwa na Chris Reeve, mzaliwa wa Afrika Kusini. Fungua kisu, kitikise kushoto na kulia: kikicheza dukani, kitacheza zaidi shambani. Kisha bonyeza mgongo kwa kiganja, vidole vikiwa mbali na njia ya makali. Kufuli likiteleza hata kidogo, rudisha.

Kwa kuchinja na kuchuna, chagua kisichokunjwa. Mafuta na damu huingia kwenye bawaba na hazitoki. Hapo tazama msuka, ile sehemu ya chuma inayoingia mpinini. Ukipita mpaka mwisho wa mpini ni imara zaidi, lakini usilifanye dini: Mora (visu vya Sweden) zina msuka usiofika mwisho, bapa la milimita mbili na nusu hivi, na watu wamezitumia kwa kazi ngumu vizazi na vizazi. Umbo lake si dropu pointi kamili, ila ndiyo kipimo ambacho ningekilinganisha na kisu chochote cha bei ya chini. Ukiona dropu pointi ya bei mara tatu ya hiyo na inakata vibaya kuliko hiyo, umeshajibiwa.

Mpini wa mpingo au mninga ni mzuri na haupati baridi. Wa chuma kitupu, asubuhi ya Julai kule Kitulo, utaushika kwa majuto. Ala ya ngozi inapendeza lakini inanyonya unyevu. Usiku kisu kilale nje yake.

Kunoa nako kusiharibu yote hayo. Yule kijana wa baiskeli anayepita mitaani akinoa kwa jiwe la kuzungusha anafanya kazi nzuri kwa panga. Kwa kisu chembamba mwambie achovye majini kila baada ya mpito, kwa sababu makali yakibadilika rangi kuwa ya bluu, yamefika nyuzi kama 300 na ugumu umeshaondoka hapo. Grenda ya umeme ni mbaya zaidi, inafanya hivyo kwa sekunde. Nyumbani, jiwe la namba 1,000 linatosha. Simamisha kisu wima juu ya jiwe, laza mpaka nusu, laza tena nusu ya hapo: ndiyo nyuzi 22 hivi, mteremko unaofaa. Paka makali wino wa maka kabla ya kuanza. Ukiona wino umefutika juu ya mteremko tu, mbali na makali, umelaza kupita kiasi, na ukifutika kwenye ncha tu ya makali, umesimamisha mno.

La mwisho ni kubeba. Kanuni ya Adhabu inalifanya kosa kujitokeza hadharani na silaha kwa namna ya kutia watu hofu bila sababu halali, kwa hiyo kisu cha kiunoni kinachoeleweka shambani Uyole kinaweza kukuletea maswali stendi ya mabasi. Kiwe ndani ya begi, ndani ya ala. Na kama unapandia ndege Songwe, kiweke kwenye mzigo unaokabidhiwa kaunta. Ukikisahau kwenye mkoba wa mkononi, kitabaki Songwe.